SOMO LA WIKI: Msamaria Hakuuliza Rekodi

Andiko la msingi: Luka 10:25–37
Soma pia: Yohana 8:1–11, Mathayo 7:1–5



Ukienda benki kuomba mkopo, kabla hawajakupa hata shilingi wanaangalia rekodi yako ya CRB. Ulilipa? Ulichelewa? Una deni wapi? Kwa benki hiyo ni sawa, wanalinda pesa za watu. Shida ni pale sisi waumini tunapompima jirani vivyo hivyo: tuone rekodi yako kwanza, halafu tuamue kama tutakupenda.

Rudi sasa kwenye Luka 10. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule msafiri. Hawakumwibia kitu. Kosa lao ni moja tu, walipita kando. Msamaria naye hakuuliza ni mtu wa kabila gani, wala ati kwa nini alitembea peke yake njia mbaya kama ile. Alisogea karibu, akamfunga vidonda, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili. Kisha akaacha deni wazi kwa jina lake mwenyewe!

1. Hukumu hukaa mbali, upendo husogea

Hatuhitaji kwenda Yeriko kutafuta mfano. Sote tunajua Majengo ilivyosemwa miaka mingi kwa sababu ya wanawake wanaouza miili yao. Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kazi ya afya na wanawake hao. Mmoja wao alikuwa Elizabeth Ngugi, muuguzi Mkenya ambaye baadaye alikuwa profesa.

Wakati ule Ukimwi ulikuwa tishio jipya, na hukumu zilikuwa nyingi kuliko dawa. Yeye aliwaita kwenye baraza, akawasikiliza, akawafundisha jinsi ya kujikinga. Wao nao wakafundishana, na maambukizi mengi yakazuiliwa.

Si hayo tu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha habari za baadhi ya wanawake hao ambao, ingawa walikutana na virusi mara nyingi, hawakuambukizwa. Wanasayansi wanaotafuta chanjo wamejifunza kutoka kwao. Kumbe watu ambao wengi walipita kando yao walikuwa na kitu cha kuufaa ulimwengu mzima!

2. "Pasta, si huko ni kubariki dhambi?"

Hapana. Soma Yohana 8 polepole, uangalie mpangilio. Kwanza mawe yalianguka chini. Pili, Yesu alimwambia yule mama kwamba hamhukumu. Ndipo, mwisho, akamwagiza aache dhambi. Sisi tunapenda kugeuza: aache dhambi kwanza, ndipo tuweke mawe chini.

Yesu hakuita dhambi kwa jina lingine. Lakini yule mama aliisikia amri hiyo kutoka kwa mtu aliyesimama upande wake mawe yakiwa bado mikononi mwa watu. Na pale uwanjani ni Yeye peke yake aliyekuwa na haki ya kurusha.

3. Wiki hii tufanyeje?

Kuna mlango unaoupita kila Jumapili ukiwa na Biblia mkononi, macho yako yakiangalia upande mwingine. Jumapili hii simama, salimia, uliza jina. Jirani akiugua au akifiwa, toa mchango wako kabla ya kuuliza alikuwa anafanya kazi gani, anaswali wapi, au kama ameandikishwa kanisani. Na ukisikia jina la mtu linachafuliwa pale kwa mama mboga, usiongeze chumvi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani katika ploti yenu ambaye watu humpita kando? Kwa nini?
2. Ulipokuwa mbali na Mungu, nani alikusogelea kabla hujabadilika?
3. Kikundi chetu kitamfanyia nini jirani mmoja kabla ya Jumapili ijayo?

Tuombe: Baba, ulitupenda tukiwa bado wenye dhambi. Tuondolee mawe mikononi, utupe mafuta ya kupaka vidonda. Utufundishe kusogea karibu. Katika jina la Yesu, Amina.