Baka Lisilosikia: Somo la Tishu



Katika somo hili tutajifunza juu ya tishu za mimea na za mwili. Usiliogope neno hilo. Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho matupu. Seli za aina moja zikikusanyika na kufanya kazi moja, mkusanyiko huo huitwa tishu. Ni kama wanakijiji wanaogawana kazi: hawa hulima, hawa huamia ndege, hawa huchota maji. Kundi moja likiacha kazi yake, wote hupata hasara.

TISHU ZA MMEA

Ng'oa shina moja la mpunga shambani mwako. Ganda jembamba la nje ni tishu ya kukinga. Ndani kuna tishu za kusafirisha: mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, na mirija inayosambaza chakula kilichotengenezwa na majani. Ziko pia tishu za kukua. Hizi ndizo zinazotoa seli mpya. Wakulima wa miwa wa Kidatu hupanda vipande vyenye macho, kwa kuwa ndani ya jicho imo tishu ya kukua. Kipande kisicho na jicho hakichipui.

Sasa likate shina hilo la mpunga ulitazame. Utaona vitundu. Mpunga una tishu zenye nafasi za hewa, na hewa hiyo hushuka mpaka mizizini. Ndiyo sababu mpunga hustawi katika bonde la Kilombero lililojaa maji, lakini mahindi yakisimama majini siku nyingi hufa.

TISHU ZA MWILI

Mwili wa mtu, kama wa mbuzi au kuku, una tishu za aina 4:

1. Tishu za kufunika. Hizi ziko kwenye ngozi, na pia ndani ya kinywa na utumbo. Hukinga mwili na hujitengeneza upya daima.

2. Tishu za kuunganisha. Hizi ni mifupa, kano na mafuta. Hata damu imo katika kundi hili.

3. Tishu za misuli. Hizi ndizo nyama. Hujikunja na kujinyoosha ili tutembee, tulime, na moyo upige.

4. Tishu za fahamu. Hizi ni ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Hupeleka habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba.

Mmea hauna tishu za misuli wala za fahamu.

MLINZI AKILALA

Mzee mmoja alikuja zahanati akiwa na baka jeupe-jeupe mkononi. Nilimpa dawa ya mashilingi, akaenda zake. Sikumwuliza kama baka lile linasikia. Hilo lilikuwa kosa langu.

Baadaye alihamia kibanda cha shambani wakati wa mavuno, kama tufanyavyo wengi huku. Usiku mmoja alilala karibu na moto. Aliamshwa na harufu ya kitu kinachoungua, kumbe ni mguu wake mwenyewe. Hakusikia maumivu hata kidogo. Ngozi ilikuwapo, misuli ilikuwapo, mifupa ilikuwapo, lakini mlinzi wao, yaani mshipa wa fahamu, alikuwa amekufa.

Ugonjwa ule ni ukoma. Si laana, wala haurithiwi. Mwaka 1873 daktari Hansen wa Norwei aliviona vijidudu vyake. Vijidudu hivi hukaa hasa katika ngozi na mishipa ya fahamu, na huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Vidole haviliwi na ukoma wenyewe. Huharibika kwa majeraha na moto ambao mgonjwa hausikii.

Watu wa Ifakara wanalijua jina la Nazareti, mahali ambapo wagonjwa wa ukoma wametunzwa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto. Dawa hizo hutolewa bure, nazo humezwa kwa miezi 6 au 12. Anayezitumia huacha kuambukiza wengine mapema. Lakini kumbuka: ngozi iliyochubuka huota tena, bali mshipa wa fahamu uliokufa kwa muda mrefu hauponi. Kwa hiyo wahi.

FANYA HIVI

Mwambie mwenzako afumbe macho. Gusa baka lake kwa uzi wa pamba, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Asiposikia, nendeni zahanati siku hiyo hiyo. Akisikia lakini baka halitoki, nendeni pia.

Aliyekwisha kufa ganzi akague miguu yake kila jioni, avae viatu shambani, ashike sufuria kwa kitambaa, na alale mbali na moto.

Yule mzee alimaliza dawa zake. Kidonda kilipona, lakini mguu hausikii mpaka leo. Sasa kila anayekuja kwangu na baka, mimi huchukua pamba kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mpunga huishi majini na mahindi hufa?
2. Taja tishu 4 za mwili na kazi zake.
3. Je, katika nyumba yako yupo mwenye baka ambalo bado hamjalipima?