Taa Inayochoma Macho: Tutaipimaje?

Hivi majuzi tulitembelea kikundi cha kina mama washonaji kule Dandora. Chumba chao ni kama vingi vya Eastlands: futi kumi kwa kumi, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na balbu tupu inaning'inia katikati. Jioni walikuwa wakiumwa na kichwa, na sindano inawachoma vidole. Basi wakachanga pesa, wakanunua balbu yenye nguvu zaidi. Mambo yakaharibika kabisa!

Kwa nini? Mwanga mkali ukiingia moja kwa moja machoni, hutawanyika ndani ya jicho kama ukungu. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi unapotea. Ni kama kukutana na matatu yenye taa kali usiku pale Jogoo Road: mwanga ni mwingi, lakini barabara huioni.

Wataalamu wanayo hesabu yake. Mwaka 1995 tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, CIE, ilitoa kipimo kiitwacho UGR. Kinaangalia ukali wa taa, ukubwa wake machoni, iko wapi ukilinganisha na pale unapotazama, na mwangaza wa ukuta ulio nyuma yake. Namba ikiwa ndogo, macho yanastarehe. Kwa kusoma na kuandika ofisini, isizidi 19.

Sisi tutatumia kiganja. Kaa mahali pako pa kazi, tazama mshono. Inua kiganja kwenye paji la uso kama mtu anayejikinga jua, mpaka balbu isionekane lakini kazi ibaki na mwanga. Macho yakitulia hapo hapo, ujue taa ilikuwa inakuumiza.

Kina mama wale walipima, wote wakacheka kwa mshangao. Waligeuza meza ili balbu iwe upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega, mkono wa kulia usitupe kivuli. Kisha wakapaka ukuta chokaa. (Mwenye nyumba alinung'unika, lakini chokaa si ghali.) Msipake rangi ya kung'aa, maana itarudisha balbu ile ile machoni. Balbu ndogo ya zamani wakairudisha, na sasa inawatosha.

Mkitaka kufunika balbu, nunueni kifuniko chake dukani. Karatasi juu ya balbu ya moto ni hatari, na nyaya mwachieni fundi wa stima.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apime nyumbani, hasa pale watoto wanapofanyia homuweki. Anzeni na wazee, kwa sababu macho yao huumizwa na mwanga mkali upesi kuliko ya vijana.