Mbao za Kuzungushia Matuta ya Mboga

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmeyaona matuta ya mboga yaliyo nyuma ya jiko letu, na wengi mliyacheka yalipobomoka mwaka jana. Wakati huo mimi nilikuwa kiranja wa bustani. Napenda kueleza sababu ya kubomoka kwake, na jinsi nilivyokaribia kufanya kosa kubwa kuliko hilo, ili atakayeshika kazi baada yangu asilirudie.

Tuta la kuinuliwa ni kama sanduku lisilo na chini wala kifuniko, lililojazwa udongo na samadi. Letu lina upana wa mita 1.2, ili mtu afikishe mkono katikati bila kuukanyaga udongo, na kimo cha sentimita 30. Faida yake ni kwamba maji ya masika hayasimami penye mizizi, wala samadi haichukuliwi na mvua. Lakini ubao wake una kazi ngumu: ndani unagusa unyevu mchana na usiku, na chini mchwa wanangoja.

Ubao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji chakula, maji na hewa. Ndiyo sababu nguzo ya ua hukatikia pale pale inapoingia ardhini: hapo vyote vitatu hukutana.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mabanzi. Tulinunua mabanzi ya mtiki kwa bei ndogo, tukafurahi, maana mtiki unasifiwa kwa kushinda mchwa. Kabla ya mwaka kwisha yalikuwa unga. Mwalimu wetu wa kilimo alituonyesha gogo lililokatwa. Katikati pana kiini chenye rangi ya kahawia. Pembeni pana sehemu nyeupe. Sehemu nyeupe ndiyo ipitishayo maji na kuweka akiba ya chakula cha mti ungali hai, kwa hiyo ni tamu kwa mchwa na kuvu. Kiini kimejaa vitu vichungu ambavyo mti wenyewe umejitengenezea. Banzi ni ubavu wa gogo, nao karibu wote ni sehemu nyeupe. Basi tulinunua jina la mtiki, siyo nguvu yake. Hali kadhalika miti michanga ya mtiki: kiini chake bado ni chembamba.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Niliona nguzo kuukuu zimetupwa, zenye rangi ya kijani iliyofifia, ngumu, bila tundu hata moja la mchwa. Nikakata mbili kwa msumeno, na vipande vilivyobaki nikavipeleka jikoni viwe kuni. Mwalimu alipoziona aliniuliza, “Kwa nini mchwa hakuzigusa?” Sikuwa na jibu. Akanituma mbio jikoni. Nilivikuta vipande vimeegemezwa kando ya mafiga, bado kuwashwa.

Nguzo za namna ile hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Haiteketei motoni, hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika jivu. Nanyi mnajua kwamba mama zetu wapishi husugulia masufuria kwa jivu. Nguzo hiyo ikiwa kando ya tuta, sumu huvuja kidogo kidogo katika udongo unaoshika mizizi na majani ya mchicha. Marekani iliacha kutumia dawa hiyo kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Rangi ya kijani hupotea kwa jua, kwa hiyo nguzo usiyojua ilikotoka iache ilipo.

Ziepukeni pia mbao zilizopakwa oili chafu ya magari, mataruma ya mbao yenye mafuta meusi, na mbao zenye rangi ya zamani, kwani huenda ina risasi.

Basi tuchague nini? Kiini cha mninga, mvule au mtiki uliokomaa hudumu sana, lakini bei yake ni kubwa, na mbao za msituni hazina budi kuwa na kibali. Msindano, ambao wauzaji huuita paini, hupatikana kwa urahisi, ila usipotiwa dawa haustahimili ardhi kwa muda mrefu. Mawe na matofali ya kuchoma hayaozi kamwe.

Safari hii tumefanya hivi. Nguzo fupi za pembeni, ziingiazo ardhini, ni vipande vya kiini cha mninga tulivyopewa na seremala. Kingo ni mbao za msindano za unene wa inchi 2, zisizotiwa dawa, zilizolazwa juu ya mawe bapa. Mawe huzuia ubao kunywa maji ya ardhini, na mchwa akijenga njia yake ya udongo juu ya jiwe tunaiona na kuibomoa. Kila Jumamosi tunakagua. Ubao ukioza, tutang'oa mmoja na kuweka mwingine, bila kuvunja tuta zima.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi nilijifunza kwamba kinachodumu nacho chaweza kuwa ghali. Anayechagua ubao wa bustani asiulize tu utadumu miaka mingapi. Aulize pia ni kitu gani kinachoudumisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV