Paka mgonjwa amesusa chakula

Swali: Paka wangu ana ugonjwa wa figo. Tangu jana ananusa chakula na kugeuka. Nifanyeje?

Jibu: Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwani paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta humjaa kwenye ini. Mara nyingi figo humletea kichefuchefu, na dawa yake ipo.

Nyumbani, anza na pua, maana asiposikia harufu ya chakula, hali. Mfute kamasi, kisha mpe kijiko kimoja cha samaki wa kuchemsha, vuguvugu, bila chumvi wala kitunguu. Mpake mchuzi wa samaki huyo kidogo mguuni, ataulamba. Akikataa, ondoa sahani. Usimshindilie, chakula kisije kikampalia. Na Panadol usithubutu: inaua paka.