Kuunganisha Nyimbo Mbili Bila Kukatiza Ngoma

Igoma ni kata ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma. Mbele kidogo katika barabara hiyo ipo Kisesa, na hapo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma na sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo, ambayo huchezwa kila mwaka karibu na mwezi wa Juni. Katika mashindano ya jadi ya ngoma za Wasukuma, vyama viwili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Hakimu ni miguu ya watu.

Dijei apigaye muziki wa kielektroniki katika ukumbi wa harusi hukabiliwa na hakimu huyo huyo. Wimbo mmoja ukiisha na wa pili ukachelewa kwa sekunde 3 tu, wachezaji husimama, hutazamana, na baadhi yao hurudi vitini. Nyimbo mbili zikigongana, yaani mapigo ya mmoja yakaangukia kati ya mapigo ya mwingine, miguu hukosa pa kukanyaga. Kwa hiyo ujuzi wa dijei hupimwa hasa pale wimbo mmoja unapompokeza mwingine. Ujuzi huo hujifunzwa kwa sikio, lakini sababu zake zimo katika hesabu na fizikia ya shule ya sekondari.

Pigo, fungu na kasi

Kasi ya wimbo wa dansi hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hupiga kila baada ya nusu sekunde, kwani 60 ÷ 120 = 0.5. Kwa kawaida mapigo 4 hufanya fungu moja, na mafungu 8, yaani mapigo 32, hufanya sehemu iliyo kamili, kama ubeti ulivyo katika shairi. Kwa kasi ya 120, sehemu hiyo huchukua sekunde 16. Kwa kasi ya 128, sekunde 15. Mchezaji hahesabu, lakini mwili wake hutambua sehemu inapokwisha na kungojea jambo jipya. Hapo ndipo mahali pafaapo kuingiza wimbo mwingine.

Kasi na nafasi ni mambo mawili

Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba nyimbo zenye kasi moja zimekwisha kuungana. Jaribio lifuatalo, lisilohitaji umeme, laonyesha kosa hilo. Mwalimu aning'inize mawe mawili madogo kwa nyuzi, moja lenye urefu wa sentimita 25 na la pili sentimita 23, urefu ukipimwa kutoka panapofungwa uzi hadi katikati ya jiwe. Mawe yaachiwe kwa pamoja. Mwanzoni yatabembea sambamba. Kisha lenye uzi mfupi litatangulia, hata baada ya sekunde 12 hivi moja litakuwa linakwenda huku lingine likirudi. Baada ya kama sekunde 24 yatakutana tena.

Sasa uzi mrefu ufupishwe hadi sentimita 23. Kasi zimelingana. Lakini jiwe moja likiachiwa kabla ya lingine, pengo kati yao litabaki vile vile muda wote: halikui wala halipungui. Basi kulinganisha kasi ni kazi moja, na kulinganisha nafasi, yaani kuyafanya mapigo yaanguke pamoja, ni kazi ya pili. Muungano mzuri hudai yote mawili.

Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo wa mapigo 124 ukianzishwa sawia na wa mapigo 120, tofauti ni mapigo 4 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde 15. Baada ya sekunde 7.5 tu zitakuwa zimepishana kwa nusu pigo, na ukumbi utasikia vurugu. Tofauti ikiwa nusu pigo kwa dakika, dijei anayo dakika nzima kabla ya kufikia hali hiyo. Tena sikio ni kali: mapigo mawili yakipishana kwa sehemu 50 za elfu ya sekunde, msikilizaji husikia milio miwili badala ya mmoja.

Namna nne za kuunganisha

Ya kwanza ni kukata. Wimbo wa kwanza huzimwa na wa pili kufunguliwa papo hapo, pigo la kwanza la fungu likiangukia mahali pake. Kasi zaweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa nyimbo hazisikiki pamoja. Lakini nafasi haina msamaha.

Ya pili ni kuchanganya polepole. Nyimbo mbili husikika pamoja kwa sehemu nzima au zaidi, mmoja ukipungua na mwingine ukiongezeka. Hapa fizikia ya mawimbi huleta mitego miwili. Mtego wa kwanza ni besi. Mawimbi mawili ya besi yenye mitetemo 50 na 52 kwa sekunde yakikutana, mara husaidiana na mara huuana, na sauti hupanda na kushuka mara 2 kila sekunde. Ndiyo maana dijei hodari hupunguza besi ya wimbo unaoingia, kisha mwanzoni mwa fungu hubadilishana: besi ya wimbo wa zamani hushushwa na ya mpya hupandishwa kwa wakati mmoja.

Mtego wa pili ni katikati ya mchanganyo. Nguvu ya sauti hufuata kipeo cha pili cha kimo cha wimbi. Kila wimbo ukishushwa hadi nusu ya kimo chake, nguvu yake huwa 0.5 × 0.5 = 0.25, na nyimbo mbili kwa pamoja hutoa 0.5, yaani nusu ya nguvu ya awali. Wachezaji husikia muziki ukilegea. Kila wimbo ukiachwa kwenye 0.7 ya kimo, jumla huwa 0.49 + 0.49 = 0.98, na ulegevu hautambuliki.

Ya tatu ni mwangwi. Pigo la mwisho la wimbo hurudiwa na mtambo likififia: 1, ½, ¼, ⅛. Chini ya mwangwi huo wimbo wa kasi tofauti kabisa waweza kuanza, kwa sababu hakuna tena mapigo ya kugongana nayo.

Ya nne ni uwiano. Njia hii ina thamani ya pekee Tanzania kwa sababu ya singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na unaokwenda kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na masikio ya nchi za mbali yakageukia kasi hiyo. Kutoka mapigo 105 hadi 210 laonekana kuwa pengo lisilovukika. Lakini 105 : 210 ni 1 : 2, kila pigo la wimbo wa polepole huangukia juu ya kila pigo la pili la singeli, na mchezaji huvuka bila kujikwaa. Hata hivyo singeli haina huruma: kosa la asilimia 1 katika mapigo 240 ni mapigo 2.4 kwa dakika, na nusu pigo hupotea kwa sekunde 12.5.

Mitambo na mipaka yake

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko New York, Francis Grasso alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunganisha santuri mbili kwa kulinganisha mapigo, akisikiliza ile ya pili kwa vipokea sauti vya masikioni. Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa mashine ya santuri ya Technics SL-1200. Na umbo la MK2 la mwaka 1979 lilikuwa na kitelezo cha kubadili kasi hadi asilimia 8 juu au chini. Lakini santuri ikizungushwa haraka zaidi, mitetemo nayo huongezeka. Noti ya mitetemo 440 kwa sekunde ikiharakishwa kwa asilimia 8 huwa 475.2, na mwimbaji husikika mwenye sauti nyembamba kuliko yake.

Programu za kompyuta za leo hubadili kasi bila kupandisha sauti, tena hulinganisha kasi na nafasi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini kitufe hicho hutegemea hesabu ya mapigo iliyofanywa na programu yenyewe, ambayo huweza kukosea, hasa ngoma inapopigwa kwa mkono na kasi yake kuyumba. Wala hakijui kama wachezaji wamechoka au ndiyo kwanza wanapamba moto. Anayeijua hesabu hulitambua kosa na kulisahihisha; asiyeijua hungoja mtambo, na watu hawangoji.

Maswali

1. Nyimbo mbili zina mapigo 126 na 123 kwa dakika. Zikianza pamoja, zitapishana kwa nusu pigo baada ya sekunde ngapi?
2. Wimbo wa mapigo 125 uongezwe asilimia ngapi ili ufikie 130?
3. Sehemu ya mapigo 32 huchukua muda gani kwa kasi ya 160?
4. Santuri imeharakishwa kwa asilimia 5. Noti ya mitetemo 400 kwa sekunde itakuwa na mitetemo mingapi?

Majibu: (1) sekunde 10; (2) asilimia 4; (3) sekunde 12; (4) mitetemo 420 kwa sekunde.