Barabara za Dar es Salaam Hapo Zamani, na Somo kwa Mji Wetu

Wazee wengi waliopata kukaa Dar es Salaam husema kwamba barabara za zamani zilikuwa nzuri kuliko za sasa. Sisi vijana wa Ufipa huwasikiliza kwa hamu. Lakini yafaa tujiulize: ni jambo gani hasa wanalolitamani? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Wakati wa Waingereza, barabara kuu ya madukani iliitwa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru wa 1961 ikaitwa Independence Avenue, na sasa ni Samora Avenue. Penye kipilefti chake imesimama Sanamu ya Askari tangu 1927. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 tu mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 5,300,000 katika mkoa.

Pili, tutazame usafiri. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaanzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Babu yangu alifanya kazi huko miaka hiyo. Husimulia alivyokwenda kazini kwa baiskeli kutoka Magomeni bila hofu, na jinsi kengele yake ilivyosikika toka mbali. Lakini babu huyo huyo husema kwamba mabasi yalikuwa machache, na mtu aliyekosa basi alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo iliitwa dala. Kwa hiyo magari yakaitwa daladala.

Basi tunaona kwamba wazee hutamani mambo mawili, nayo hayafanani. La kwanza ni utulivu. Huo ulitokana na uchache wa magari, na uchache huo ulikuwa pia shida. Hautarudi. La pili ni nafasi ya mtu wa miguu na mwenye baiskeli. Hiyo haiondolewi na wingi wa magari peke yake. Huondoka watu wasipoitunza. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilianza kutumia mabasi yaendayo haraka, kati ya Kimara na Kivukoni, yenye njia zake maalum. Lakini ili kupata nafasi katika mji uliokwisha kujaa, ilibidi kubomoa majengo na kulipa fidia.

Sasa tugeukie kwetu. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kama kilomita 224, ilijengwa kwa fedha za mkataba uliotiwa sahihi na Marekani mwaka 2008. Imetuletea faida nyingi, na magari mengi. Nyumbani kwetu ni Chanji. Wadogo zangu huenda shule kwa miguu, wakipishana na bodaboda, bajaji na malori ya mahindi. Mara nyingi pembeni pamezibwa na fungu la kokoto au meza ya biashara, nao hulazimika kuingia barabarani. Babu akiona hivyo hutikisa kichwa.

Tufanye nini? Kwanza, wazazi wetu wanapojenga, waache nafasi ya kupita mbele ya uwanja. Pili, kokoto na mchanga visimwagwe njiani. Tatu, sisi wanafunzi, pasipo na njia ya miguu, tutembee upande wa kulia ili tuyaone magari yanayokuja mbele yetu, na tuwashike mikono wadogo zetu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji wetu bado una nafasi; tuilinde leo, ili nasi tukiwa wazee tuwe na barabara za kusifia, si za kusikitikia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne