Nguvu na Amana Katika Usaili wa Kazi



Ndugu zangu, Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 23, inatusimulia namna Nabii Musa (a.s.) alivyopata kazi Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Aliwanyweshea mifugo mabinti wawili waliokuwa wakisubiri pembeni, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Baadaye mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nimefanyiwa usaili na kampuni tatu za teknolojia hapa Kampala, na maswali karibu yote niliyoulizwa yanarudi kwenye sifa hizo.

Kwanza, nguvu. Katika fani yetu nguvu ni ujuzi unaoonekana. Kampuni ya kwanza ilinipa orodha ya namba, nitafute mbili ambazo jumla yake ni namba fulani. Njia ya haraka kuijia akilini ni kulinganisha kila namba na nyingine zote. Orodha ikiwa na namba 10,000, hizo ni jozi karibu milioni 50. Njia bora ni kuipitia orodha mara moja, ukiweka kila namba uliyoiona kwenye jedwali linalotafutika upesi, na kuangalia kama mwenzake tayari yumo: hatua 10,000 tu. Niliitaja njia ya kwanza, nikaeleza udhaifu wake kwa sauti, ndipo nikaandika ya pili. Msaili anataka kusikia unavyofikiri. Ukikaa kimya dakika ishirini, hata jibu sahihi halimwambii mengi.

Pili, amana. Kampuni nyingine ilishughulika na kutuma pesa kwa simu. Wakauliza: mteja ametuma shilingi 50,000, mtandao ukakwama, akabonyeza tena. Utahakikishaje anakatwa mara moja tu? Jibu ni kwamba kila ombi lipewe namba yake ya pekee tangu kwenye simu. Ombi lilelile likirudiwa, namba ni ileile, na kompyuta ya kampuni ikikuta imekwisha kuishughulikia, inarudisha jibu la mwanzo bila kukata tena. Shilingi inayokatwa mara ya pili ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila haki, na aliyeandika programu ana sehemu yake katika hilo.

Amana hiyo huanza kwenye wasifu wa kazi. Wenzangu walinishauri niandike uzoefu wa miaka miwili katika lugha ya programu niliyoisoma darasani tu. Karo ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa, kwa hiyo ushauri haukuwa mwepesi kuukataa. Niliandika ukweli. Kampuni ile ya pesa ikamchukua mwingine. Katika kampuni ya tatu niliulizwa nisichokijua. Nikasema sijui, kisha nikaeleza ningeanzia wapi kutafuta. Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, hakuona haya kusema hajui. Huko ndiko ninakofanya kazi sasa, alhamdulillah.

Usaili huo walikuwa wameupanga Ijumaa saa saba mchana. Siku ileile nilipopata barua pepe nilijibu kwa sentensi mbili, nikataja swala na kuomba saa tisa. Walikubali. Sema mapema na kwa adabu. Usingoje uwe mbele yao ndipo uanze kuangalia saa.

Kabla muhula haujaisha, fanya mambo matatu:

1. Andika programu moja yenye faida kwa watu, kama daftari la wanachama wetu au hesabu ya zaka.
2. Tafuta mwenzako, mkutane kila wiki baada ya Isha, mmoja aulize na mwingine ajibu kwa sauti.
3. Soma wasifu wako, ufute kila mstari usioweza kuutetea.

Kisha omba dua. Musa alinywesha mifugo kwanza, ndipo akainua mikono.

Wabillahi tawfiq.